Punje ya Hindi Yenye Kimo cha Ghorofa Kumi

Wanangu, mjini Cape Town kuna punje ya hindi ambayo mtu huingia ndani yake, akasimama, akainua shingo mpaka kofia ikamdondoka. Haikuota shambani. Ilikatwa kwa misumeno katikati ya jengo la zege lililokuwa ghala la nafaka, na leo jengo hilo ni jumba kubwa la sanaa ya kisasa ya Afrika. Jina lake ni Zeitz MOCAA.

Nataka niwapeleke huko kwa maneno, mlango kwa mlango. Jumba lile linafundisha jambo ambalo natamani kila kijana alijue mapema: kitu usichokielewa, kitazame kwanza kwa muda mrefu, ndipo uamue. Waliolitengeneza walianza kwa kufuata somo hilo wao wenyewe, na anayeingia kutazama kazi zilizomo hulihitaji kila anapogeuka.

Ila kabla ya kuingia, ni lazima tujue ghala lilikuwa likifanya nini.

Safari ya mahindi

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mahindi yaliyovunwa katika nyanda za bara za Afrika Kusini yalipelekwa bandarini kwa reli, na kutoka hapo yakavushwa ng'ambo kwa meli. Yalisafiri ndani ya magunia. Gunia lilijazwa, likashonwa mdomo, likabebwa begani, likapakiwa kwenye behewa, likashushwa, likabebwa tena, likapakiwa melini. Kila hatua ilikuwa mzigo juu ya mgongo wa mtu. Gunia likipasuka, punje zilimwagika. Likilowa, ziliota ukungu.

Shirika la reli na bandari la nchi hiyo likajenga maghala ya aina mpya: madogo mengi kando ya reli huko bara, na makubwa mawili bandarini, moja Durban na jingine Cape Town. La Cape Town lilikamilika mwaka 1924. Mnara wake ulikuwa na kimo cha mita 57, na wakati huo ulihesabiwa miongoni mwa majengo marefu kabisa kusini mwa Sahara. Mabaharia waliuona wangali mbali na nchi kavu.

Ghala lilifanya kazi hivi. Treni iliingia, na mabehewa yakamwaga mahindi kwenye mashimo chini ya sakafu. Mkanda mrefu wenye ndoo nyingi ulizunguka: ndoo zilichota chini, zikapanda hadi kileleni mwa mnara, zikamwaga, zikarudi chini tupu kuchota tena. Kule juu mahindi yalipimwa uzito na kusafishwa. Mikanda mingine iliyapeleka hadi midomoni mwa vihenge, yakamiminwa ndani. Meli ilipofunga gati, mlango wa chini ya kihenge ulifunguliwa, mahindi yakashuka kwa uzito wake yenyewe, yakabebwa na mikanda mpaka kwenye meli. Jengo zima lilikuwa mashine moja, na watu waliokuwemo walikuwa wakiihudumia.

Vihenge vilikuwa 42, vyote vya zege, kila kimoja kikiwa na kimo cha mita 33. Vilisimama bega kwa bega kama glasi zilizopangwa kwenye sinia. Kwa nini vilikuwa vya mviringo? Kwa sababu nafaka nyingi ikikusanyika husukuma kuta kwa nguvu. Ukuta wa mviringo huusambaza msukumo huo sawasawa pande zote. Ukuta bapa hubinuka katikati na kupasuka kwenye pembe, na hizo pembe nazo hunasa punje, zikabaki humo mpaka zikaoza.

Na kwa nini vihenge havikuwa na madirisha? Nafaka hutaka ukavu, na kila tundu ni njia ya unyevu, wadudu na panya. Hivyo hilo lilikuwa jengo lisilomfikiria mtu hata kidogo. Halikuwa na chumba cha kukaa wala pahali pa kusimama ukatazama bahari. Lilijengwa kwa ajili ya mahindi tu.

Miaka ikapita. Bandari zikageukia makontena, biashara ya nafaka ikatafuta njia nyingine, na hatimaye mikanda ikasimama. Ghala likabaki pale gatini, kubwa na lenye giza, halina kazi.

Kubomoa au kukata?

Eneo la bandari ya zamani, linaloitwa V&A Waterfront, lilikuwa limegeuka kuwa mahali pa maduka, hoteli na matembezi. Ghala lilisimama katikati yake. Fikirini ingekuwa ni ninyi mnaolimiliki. Wengi wangeita mashine za kubomoa, wakajenga kitu kipya cha vioo.

Wenye eneo hawakufanya hivyo. Walimwita mbunifu kutoka Uingereza, Thomas Heatherwick, wakamwomba alitazame jengo na kufikiri. Wakati huohuo Mjerumani mmoja, Jochen Zeitz, aliyewahi kuongoza kampuni ya viatu vya michezo ya Puma, alikuwa amekusanya kazi nyingi za wasanii wa Afrika na wa asili ya Afrika waishio ng'ambo. Alitaka zionekane barani Afrika. Basi upande mmoja palikuwa na jengo lisilo na kazi, na upande wa pili kazi zisizo na jengo. Pande hizo mbili zikakutana, na jumba likapewa jina la Zeitz.

Shida ilikuwa vile vihenge. Kila kimoja kilikuwa chembamba, upana wake haufiki mita sita. Picha huning'inizwa kwenye ukuta ulionyooka, na mle kuta zote zilikuwa zimepinda. Vyote vikiondolewa, lingebaki ganda tupu na historia ingekwenda na kifusi. Vyote vikiachwa, lingekuwa jengo la mabomba ambamo watu mia hawawezi kukusanyika pamoja.

Jibu lilitoka ndani ya ghala lenyewe. Heatherwick na wenzake walichukua punje moja ya hindi, wakalipima umbo lake kwa kompyuta, wakalikuza mpaka likafikia kimo cha jengo la kawaida la ghorofa kumi, kisha wakalikata umbo hilo katikati ya vihenge. Hapo pazingatieni vizuri. Hawakujenga punje. Waliondoa zege, na nafasi iliyobaki wazi ndiyo punje.

Kazi yenyewe ilitaka uangalifu mkubwa. Kuta za vihenge zilikuwa na unene wa sentimita 17 tu. Ukizikata hivihivi, zinaweza kupasuka na kuporomoka. Kwa hiyo mafundi walimwaga kwanza zege jipya lenye nondo upande wa ndani wa vihenge vitakavyokatwa, ukuta mpya ukaushika ule wa zamani. Zege lilipokomaa, misumeno ikaanza. Kingo zilizokatwa zikasuguliwa mpaka zikang'aa. Ukisimama mle leo unaona kwa macho umri wa jengo: zege la zamani lenye kokoto zake, limekumbatiana na zege la karne hii, na mpaka kati yao ni mstari ambao kidole kinaweza kuufuata.

Vihenge vingine viliondolewa kabisa, pakajengwa vyumba vyeupe vya maonyesho vyenye kuta zilizonyooka. Ndani ya vingine pakawekwa lifti za mviringo na ngazi za kuzunguka. Mahandaki ya chini yalibaki, nayo sasa hutumika kwa maonyesho. Jumba lilifunguliwa Septemba 2017, likiwa na ghorofa tisa.

Unapoingia

Mgeni huingia kutoka nje ya ghala, akapita mlango, na mara anajikuta ndani ya punje. Juu yake vihenge vimekatwa kwa mshazari, midomo yao imepinda kufuata umbo la hindi. Mwanga wa mchana unashuka kutoka juu kabisa, kupitia vioo vilivyofunika vichwa vya vihenge. Vioo hivyo vimechorwa alama za msanii wa Togo, marehemu El Loko, aliyebuni alfabeti yake mwenyewe ya maumbo. Mahali palipohifadhi giza kwa miaka mingi sasa pana mwanga unaofika hadi sakafuni.

Watoto wakiingia pale, jambo la kwanza wanalofanya ni kupaza sauti wasikie mwangwi. Wanafanya vyema. Jengo hilo pia linasikilizwa.

Na hapa ndipo wengi wanapoanza kuingiwa na hofu. Wanapita kwenye vyumba vyeupe, wanaona mambo ambayo hawakuyatarajia, na moyoni wanajisemea: haya si yangu, haya ni ya waliosoma. Vijana wangu, msikubali maneno hayo. Sanaa ya kisasa haikutaki uje na jibu. Inakutaka uje na macho na subira. Niwaonyeshe kwa mifano. Maonyesho hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo mkienda huenda msizikute kazi nitakazozitaja. Lakini namna ya kuzitazama itawafaa popote.

Jumba lilipofunguliwa, ndani ya punje palining'inia kiumbe mkubwa mweusi mwenye mbawa, mwili wake ukiburuza mikia na nyuzi. Alitengenezwa na Nicholas Hlobo, msanii mzaliwa wa Cape Town, mwaka 2011. Jina lake ni la Kixhosa, Iimpundulu Zonke Ziyandilandela, maana yake ndege wote wa radi wananifuata. Katika simulizi za Waxhosa, impundulu ni ndege wa kutisha mwenye uwezo wa kuita ngurumo na umeme. Watoto wa Waxhosa wamesimuliwa habari zake na bibi zao kwa vizazi vingi.

Mbele ya kiumbe yule, swali la kwanza la kuuliza ni hili: ametengenezwa kwa kitu gani? Ukisogea unagundua kwamba ngozi yake ni mpira wa tyubu za matairi. Kisha unaona riboni za rangi zilizopitishwa kwa mkono, mshono baada ya mshono, zikiviunganisha vipande. Sasa fikirini. Tyubu ni kitu cha barabarani, cha magari na gereji. Riboni na sindano ni mambo ya nyumbani, ya mavazi na sherehe. Hlobo ameyashona pamoja yakawa ndege wa hadithi ya kale. Hujasoma kitabu chochote kuhusu yeye, lakini kwa kutazama tu umeshajua anashughulika na nini: namna ya kuunganisha mambo yaliyodhaniwa kuwa hayakai pamoja.

Nenda kwenye kazi za Nandipha Mntambo, msanii mzaliwa wa Eswatini. Katika miezi ya kwanza ya jumba hilo alipewa maonyesho yake peke yake. Yeye hutumia ngozi za ng'ombe. Huzilowesha na kuzitibu, akazitandaza juu ya umbo lililofinyangwa kutokana na mwili wa mwanamke, mara nyingi mwili wake mwenyewe, akaziacha zikauke. Umbo likiondolewa, ngozi hubaki imesimama ikiwa na mabega, kifua na mkunjo wa goti, lakini ndani hamna mtu.

Hapo uliza: nani hayupo? Kwetu Afrika ng'ombe ni mahari, ni mali, ni kafara, ni kitoweo cha harusi na cha matanga. Unapoona ngozi yake imechukua umbo la mwanamke aliyeondoka, maswali huja yenyewe. Mwanamke alikwenda wapi? Aliwahi kuhesabiwa kwa ng'ombe? Au ameivua ngozi hiyo akaenda zake huru? Kazi haikujibu. Imekuachia nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo ndiyo zawadi yake.

Cyrus Kabiru mnaweza kumfahamu kwa urahisi zaidi, maana ni wa Nairobi, na kazi zake zimo katika mkusanyiko wa jumba hilo. Alikulia karibu na jaa la Korogocho. Hakufundishwa sanaa chuoni. Tangu utotoni alitamani miwani, akaanza kujitengenezea ya kwake kwa waya, vijiko, vizibo, misumari na vipande vya vyuma vilivyotupwa. Miwani hiyo ikakua ikawa sanamu za kuvaliwa usoni, nyingine zina pembe, nyingine zimefunika uso mzima. Hupigwa picha akiwa amezivaa.

Kwa Kabiru swali ni: kitu hiki kilikuwa nini jana? Tafuta kijiko. Tafuta kizibo. Ukishakipata utaanza kukiona kila siku njiani unapokwenda shule, na jaa halitakuwa tena rundo moja la uchafu machoni pako. Litakuwa vitu, kimoja kimoja, kila kimoja na historia ya mkono uliokishika.

Halafu kuna kazi zinazotembea. William Kentridge, msanii wa Johannesburg, aliandaa mwaka 2015 maandamano marefu ya vivuli yanayopita kwenye skrini nane zilizopangwa mfululizo. Maandamano hayo yalionyeshwa pale jumba lilipofunguliwa. Matarumbeta yanalia. Watu wanapita wakibeba mizigo, wagonjwa wanaburuza chupa za dripu, wengine wanahutubia, mifupa inacheza. Huwezi kuona skrini zote nane kwa mara moja, kwa hiyo mwili wako wenyewe unaanza kutembea kuyafuata. Baada ya muda unagundua kwamba na wewe umo katika msafara. Mbele ya kazi ya namna hiyo, jiulize: mwili wangu unafanya nini sasa? Miguu yako ikikusogeza mbele bila kuiamuru, msanii amekwisha kukupata.

Nyumba hii ni ya nani?

Sitaki mdhani kila mtu alilipokea jumba hilo kwa shangwe. Wasanii na waandishi wengi wa Afrika Kusini waliuliza maswali magumu. Kwa nini jumba la sanaa ya Afrika libebe jina la mtu wa Ulaya? Nani anachagua kazi zinazoingia? Mtoto wa mitaa ya mbali, ambako nauli ya kufika bandarini ni kubwa, atajiona ana nafasi humo?

Maswali hayo yalikuwa ya haki, na ili myaelewe ni lazima mjue Cape Town imepitia nini. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, zaidi ya watu 60,000 waliondolewa kwa nguvu katika kitongoji cha District Six, kilichopo karibu na katikati ya mji, nyumba zao zikabomolewa. Walitupwa mbali, kwenye tambarare za mchanga. Wengi wa wajukuu wa watu hao bado wanaishi huko mbali. Kwao, jengo zuri karibu na bahari si lazima liwe lao kwa sababu tu mlango uko wazi.

Tangu kufunguliwa, jumba liliweka utaratibu wa raia wa nchi za Afrika kuingia bure Jumatano asubuhi, na walio chini ya miaka 18 wasitozwe kiingilio. Hilo ni jema, lakini kiingilio ni sehemu ndogo tu ya jambo. Mtu huona mahali ni pake anapokuta pana alama yake.

Mwaka 2019 jumba lilipata mkurugenzi mpya, Koyo Kouoh, mama mzaliwa wa Cameroon aliyekuwa amejenga kituo cha sanaa mjini Dakar. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa Uviko, milango ikafungwa kwa miezi. Ilipofunguliwa tena Oktoba 2020, vyumba havikujazwa kazi za wasanii mashuhuri. Jumba liliwaita wakazi wa Cape Town walete sanaa iliyokuwa nyumbani kwao: picha waliyoichora wenyewe, picha waliyorithi, kitambaa alichodarizi mama, mchoro wa mtoto. Watu walikuja nazo mikononi. Zilikusanywa takribani kazi 2,000, zikatundikwa kwenye kuta zilezile nyeupe, za fundi na za asiye fundi, ya bwana mkubwa karibu na ya mwanafunzi.

Mimi nalihesabu tendo hilo kuwa la maana sawa na ule ukataji wa vihenge. Misumeno ilifungua zege. Mwaliko ule ulifungua mlango. Mtoto aliyekuta mchoro wake umetundikwa katika jumba kubwa la sanaa hatahitaji kuambiwa tena kwamba sanaa ni yake.

Novemba 2022 Kouoh na wenzake walifungua maonyesho mengine makubwa, When We See Us, yaliyokusanya michoro ya miaka mia moja kutoka kwa wasanii weusi zaidi ya 150. Nia ilikuwa kuonyesha namna watu weusi walivyojichora wenyewe wakiwa na furaha, wakipumzika, wakicheza dansi, wakiwa nyumbani, wala si katika mateso peke yake. Miongoni mwa wasanii hao alikuwa Sungi Mlengeya wa Tanzania, aliyejifunza kuchora mwenyewe na kuacha kazi ya benki ili achore. Yeye huchora wanawake weusi juu ya turubai jeupe pe. Nguo zao nazo huziacha nyeupe, zikapotelea katika weupe wa nyuma, na kinachobaki ni uso, mikono na miguu, ngozi ikiwa imechorwa kwa upendo na ustadi. Weupe ule hauwafuti. Unawapa nafasi ya kupumua. Maonyesho hayo baadaye yalisafiri hadi Ulaya, na watu wa Basel na Brussels wakaenda kutazama kilichoanzia ndani ya ghala la mahindi la Afrika.

Koyo Kouoh alifariki Mei 2025. Alikuwa ameteuliwa kuongoza maonyesho makuu ya sanaa ya Venice ya mwaka 2026, mwanamke wa kwanza wa Afrika kukabidhiwa kazi hiyo. Jina lake mlikumbuke, kwa sababu alithibitisha kwamba jengo hupata uhai wake kutokana na watu linaowapokea.

Maghala yetu

Cape Town ni mbali kwa wengi wenu. Lakini jambo hili halikuanzia huko wala haliishii huko. Mwaka 2003, miaka 14 kabla ya Zeitz MOCAA, wasanii wa Nairobi walianzisha GoDown Arts Centre katika eneo la viwanda, kwenye Barabara ya Dunga. Maghala waliyoyachukua yalikuwa karakana ya kutengeneza magari. Mle walimokuwa mafundi na spana zao, waliingia wachoraji, wachezaji dansi na wanamuziki, wakafanya kazi chini ya paa moja. Jijini Dar es Salaam, Nafasi Art Space iko Mikocheni, na wasanii wake wana karakana ndani ya makontena ya meli. Makontena yaleyale yaliyoyanyang'anya maghala ya zamani kazi zao, hapa yamekuwa vyumba vya kuchorea.

Na katika sehemu kama hizo mna bahati ambayo mgeni wa jumba kubwa haipati mara nyingi. Mnaweza kumkuta msanii mwenyewe, rangi ikiwa bado mbichi mikononi. Simameni kando kwa adabu, msalimieni, kisha muulizeni: shikamoo, hiki umekitengeneza kwa kitu gani? Ulianzia wapi? Uliwahi kutaka kukiacha? Wasanii wengi hupenda kuulizwa na vijana, maana vijana huuliza wanachotaka kujua.

Mkifika popote palipotundikwa kazi, iwe ni jumba la ghorofa tisa au ukumbi wa shule, fanyeni hivi. Msikimbie kutaka kuona vyote. Kila mmoja achague kazi moja, hata ile iliyomkera, asimame mbele yake mpaka aone kitu ambacho hakukiona alipofika. Msiguse, kwa sababu jasho la kidole kimoja halionekani, la vidole elfu hula rangi na ngozi. Chukueni daftari mchore mnachokiona, hata mkono ukiwa mzito, kwa kuwa mkono unaochora hulazimisha jicho kuangalia. Maandishi ya ukutani yasomeni baadaye, baada ya ninyi wenyewe kukisia. Kisha mketi pamoja mbishane, kila mtu aseme ameona nini na amekionea wapi, na mwenye kusema "sijakipenda" aseme na sababu.

Mkisharudi nyumbani, tengenezeni. Karatasi ipo, waya upo, vizibo vipo, udongo upo. Kuna majengo mengi barani kwetu yaliyonyamaza, viwanda vya pamba, maghala ya mkonge, karakana za reli, na siku moja mtu atayatazama kwa muda mrefu na kuyafungua. Kuta zake zitahitaji kazi za kutundikwa, na watakaozifanya ni ninyi mnaosoma hadithi hii sasa.